Wiki nane za Kidoti: kisa cha mbwa koko aliyevunjika paja na msako wa nyumba ya kumuuguza

Kidoti ni mbwa koko jike, wa kahawia, mwenye doa jeupe shingoni, aliyekulia kwenye kijiwe cha bodaboda upande wa Tegeta, Dar es Salaam. Meno yake ya ukubwani yalikuwa yametoka yote na bado meupe, kwa hiyo tulimkadiria mwaka mmoja hadi miwili. Uzito wake kilo 14. Jioni moja ya foleni alipitiwa na pikipiki pembezoni mwa barabara ya Bagamoyo, na kijana wa kijiweni alipomwinua amtoe njiani, akamng'ata mkono. Usiku huo waliingia kliniki yetu ya wanyama wakiwa watatu pamoja naye: mama lishe anayemtupia makombo, dereva wa bajaji aliyewabeba, na kijana mwenyewe na kitambaa chake mkononi. Wote walikuwa na swali moja, kwamba matibabu ni shilingi ngapi.

Hela, kwa kisa hiki, zilipatikana. Swali lililotusumbua lilikuwa jingine: akishapasuliwa atalala wapi, kwa muda gani, na nani atashinda naye. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua apasuliwe vipi, na kwa uzoefu wangu ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa mara nyingi tunafanya kinyume. Tunachangisha, tunapasua, kisha tunaanza kupiga simu huku mbwa amelala na nyuzi mwilini. Majina ya watu nimeyaacha kwa makusudi.

Mkono kwanza, mguu baadaye

Kijana ndiye aliyeanza kuhudumiwa. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa mezani, maana watu wengi huosha kidogo wakadhani yametosha. Kisha akapelekwa kituo cha afya usiku uleule kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni kweli mbwa aliyevunjika mfupa hung'ata kwa maumivu, na kila mtu pale alisema hivyo. Lakini Kidoti hakuwa na rekodi yoyote ya chanjo, kichaa cha mbwa bado kipo nchini, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake hapo hakuna tena dawa ya maana. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani, 99 katika kila 100, wameambukizwa na mbwa. Hili si jambo la kubahatisha kwa sababu tu mbwa ana macho ya huruma.

Afisa mifugo wa kata alijulishwa, na Kidoti akawekwa chini ya uangalizi wa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi mateni siku aliyong'ata ataugua au kufa ndani ya muda huo. Akiuvuka salama, aliyeng'atwa anapumua. Ndiyo maana kumuua mbwa papo hapo, kama wawili watatu walivyoshauri kule kijiweni, ni kulipoteza jibu lenyewe. Chanjo yake nayo ilibidi isubiri siku 10 ziishe, asije akapata homa ya sindano tukashindwa kujua ni homa ya nini.

Kwa hiyo siku hizo za mwanzo hakukuwa na mjadala: angekaa kizimbani kliniki. Kliniki, hata hivyo, ni mahali pa wagonjwa. Vizimba vyetu ni vichache, na watoto wa mbwa wenye parvo, ugonjwa wa kuhara unaoambukiza vibaya, huletwa humo humo. Siku 10 sawa, miezi miwili haiwezekani.

Mfupa wenyewe

Fizi zilikuwa na rangi nzuri, kupumua kuzuri, na picha ya kifua ilionyesha kiwambo hakijachanika na mapafu yako sawa. Mkojo ulitoka, dalili nzuri, ingawa peke yake haithibitishi kwamba kibofu hakijapasuka. Nilipombana kidole cha mguu ulioumia aligeuza kichwa kunitazama kwa hasira, na hilo ndilo nililolitaka. Angeuvuta tu mguu bila kugeuka, ningekuwa na wasiwasi na mishipa ya fahamu.

Mama lishe alifungua pindo la kitenge akatoa karatasi ya vidonge vya diklofenaki alivyokuwa amenunua duka la dawa njiani. Bahati nzuri alikuwa hajampa. Nalisema hili kwa kila anayeokota mbwa barabarani: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi tunameza tukiumwa mgongo, kwa mbwa hutoboa tumbo na kuua figo. Ziko dawa za maumivu za mbwa, kwa kipimo cha kilo. Kama hazipo, mlaze kwenye ubao au gunia gumu, msafirishe, basi.

Dereva naye alikuwa amekata vipande vya fito tayari kumfunga. Paja halifungwi fito, wala hogo. Ili mfupa uliovunjika utulie, kiungo cha juu yake na cha chini yake lazima vyote vizuiwe, na nyonga ya mbwa huwezi kuizuia kwa bandeji. Unachofunga kinaishia katikati ya paja, uzito wote unaning'inia chini ya sehemu iliyovunjika, na kila akijigeuza mguu unabembea kama kengele, ncha za mfupa zikichoma nyama. Heri kuuacha.

Picha ya paja la kushoto: limekatika katikati, vipande viwili vikubwa na kimoja kidogo, ncha zimepandana, ngozi haijatoboka. Damu ilituchelewesha kidogo. Alikuwa na kupe wengi masikioni, kipimo kilionyesha homa ya kupe, na chembe za kugandisha damu zilikuwa chini. Ukimpasua mbwa wa hivyo usiku wa kwanza, unaweza kupata damu isiyosimama. Akaanzishiwa doksisaiklini, tukapanga kupima tena baada ya siku chache. Hapo ndipo nafasi ya kutafuta nyumba ilipopatikana, na ilikuwa finyu, kwa sababu paja lililovunjika nalo halisubiri. Misuli hujikunja, ncha zikazidi kupandana, na kwa mbwa kijana mfupa mpya huanza kuota upande upande, hivyo kuzirudisha mahali pake kunakuwa kazi ya kuvunja upya. Tulilenga siku ya tano, wahudumu wote wakiwa wameshachanjwa. Wapo wenzangu ambao wangesubiri siku zote 10 ziishe, na hoja yao ninaielewa.

Kisu kinapangwa na nyumba

Njia zilikuwa tatu, ukiacha ile ya nne ya sindano ya kumlaza moja kwa moja, ambayo kwa mbwa kijana mwenye mguu mmoja tu mbovu sikuiweka mezani.

Ya kwanza ni kuweka chuma ndani ya uboho wa mfupa na kuzungushia waya pale penye kipande kidogo. Vifaa vyake ni vya bei ndogo na tunavyo. Udhaifu wake ni kwamba chuma hicho huzuia mfupa usipinde lakini hakizuii sana usijizungushe. Kinamtegemea mbwa atulie. Kutulia maana yake kizimba wiki sita hadi nane, hakuna kukimbia, hakuna ngazi, hakuna kuruka juu ya kitu. Ya pili ni bamba la chuma na skrubu: imara zaidi, mbwa anaanza kuutumia mguu mapema, lakini vifaa na gharama ni habari nyingine kabisa, na kwetu hapo ingebidi kumsafirisha. Ya tatu ni kuukata mguu. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mbwa wa kilo 14 aliyepoteza mguu wa nyuma huwa anatembea ndani ya siku chache tu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa mbwa huchukuliwa na miguu ya mbele. Wiki tatu za uangalizi zinamtosha.

Tazama sasa tofauti. Ukipata nyumba ya wiki tatu, unakata. Ukipata ya wiki nane yenye mtu makini, unaokoa mguu. Ukiweka chuma halafu mbwa akarudi kijiweni wiki ya pili, umemfanyia ukatili wenye risiti: chuma kitatoka, mfupa utaoza, na atarudi mezani kukatwa mguu uleule akiwa dhaifu kuliko mwanzo. Kwa hiyo nikawaambia wale watatu kwamba daktari hawezi kuchagua mpaka wao wamletee jibu la nyumba. Dereva wa bajaji alielewa haraka kuliko wote. Akasema, "Yaani kama gari, huwezi kushusha injini kama huna gereji ya kuiacha."

Tangazo la kwanza na la pili

Binti wa mama lishe alirusha picha kwenye makundi ya WhatsApp usiku uleule. Jamani mbwa huyu anateseka, mwenye moyo amsaidie. Moyo ulikuwepo: michango ikaingia hadi ikavuka kiasi tulichohitaji, na ujumbe wa pole ukawa mwingi. Nyumba, hakuna. Wengi waliandika jambo moja: "Akipona nitamchukua mimi." Tuliwaandika majina hao, kwa sababu walikuja kuhitajika baadaye.

Sikubali wanaosema watu wa Dar hawana huruma na mbwa. Mkoa una watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, na makazi ya mbwa wasio na wenyewe unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi wetu tumepanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye uwanja mmoja, choo cha pamoja, mwenye nyumba anayeishi chumba cha mbele. Hata ukimpenda mbwa namna gani, mahali pa kumweka si pako. Tangazo la huruma linamwomba mtu wa hivyo kitu asichokuwa nacho, na wale wachache walio nacho wanasoma kati ya mistari kwamba wakisema ndiyo, huyo mbwa amekuwa wao hadi kufa.

Tukaliandika upya hivi:

"Tunatafuta nyumba ya kumuuguza mbwa jike wa kilo 14 atakayewekwa chuma pajani. Muda ni wiki nane. Anahitaji banda dogo au kizimba chenye kivuli na mlango, mtu mzima anayeshinda nyumbani, kusiwe na mbwa wengine wala watoto wadogo. Kutolewa nje ni kwa kamba, dakika tano, mara nne kwa siku, haja tu. Chakula, dawa na usafiri ni juu yetu. Alimng'ata mtu siku alipogongwa na yuko chini ya uangalizi wa daktari. Hatatoka kliniki kabla uangalizi haujaisha. Siku ya mwisho ikifika tunakuja kumchukua, awe amepata mwenyewe au hajapata."

Sentensi ya kung'ata ilileta ubishi. Binti alitaka tuiondoe, itawatisha watu. Iliwatisha kweli baadhi, na hao ndio hasa tulitaka wajitoe mapema, kabla hatujamfikisha mlangoni. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Simu za maana zilikuwa tatu.

Waliosema ndiyo

Ya kwanza ilikuwa ya mume na mke vijana, ghorofa ya tatu, Mikocheni. Wanapenda mbwa, wana uzoefu, na wana ngazi. Wote wawili wanatoka asubuhi na kurudi jioni. Tukashukuru, tukaendelea.

Ya pili ilikuwa nyumba Goba, eka nzima, ukuta, nyasi, mbwa watatu wakubwa wa ulinzi. Kundi zima la wachangiaji lilishangilia. Kama ni kura, Kidoti angeenda Goba. Mwenye nyumba alikuwa mkarimu na mwenye nia safi, akasema atamweka na mlinzi getini. Tukaomba kuongea na mlinzi.

"Bosi ameniambia," alisema. "Lakini mimi naingia saa kumi na mbili jioni. Mchana sijui atakuwa na nani. Na hawa mbwa wa bosi wenyewe mimi nawaogopa, wakifunguliwa usiku sitoki kibandani."

Hapo nyumba ya Goba ikaisha, na naamini hili ndilo jambo ambalo wengi hulikosa wanapotafuta mlezi wa muda. Wanamhoji mwenye nyumba. Anayebeba kazi ni mwingine: mlinzi, dada wa kazi, kijana wa bustani, mama mkwe aliyekuja kutibiwa. Huyo ndiye atakayemtoa mbwa kwa kamba saa kumi na moja alfajiri mvua inanyesha, na mara nyingi hakuulizwa. Ukubwa wa uwanja nao ni mtego. Mbwa mwenye chuma pajani anahitaji mita moja na nusu kwa mita moja. Eka kwake ni hatari. Na mbwa watatu wenye eneo lao hawatampokea mgeni kilema kwa heshima.

Ya tatu alikuwa mwalimu mstaafu, Bunju, anaishi na mjukuu wake wa kike aliyemaliza kidato cha nne. Sauti yake kwenye simu haikuwa na mapenzi yoyote.

"Mimi mbwa sijawahi kufuga na sitaki kufuga. Lakini nina banda la kuku, nimepumzika msimu huu. Na mmeandika tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mwalimu."

"Basi njooni mlione."

Alifuga kuku wa nyama kwa miaka. Ukutani mwa stoo palikuwa na daftari limefungwa kwa kamba: chakula kilichoingia, waliokufa, chanjo ya kideri, tarehe zote, mwandiko wa ubaoni. Mtu aliyekaa na vifaranga mia mbili anajua kwamba mnyama hulishwa kwa saa, dawa hupewa kwa kipimo, na anayesita kula leo ana habari ya kesho. Uzoefu wa mbwa hana, lakini uzoefu wa kuuguza anao tele. Nilimchagua kwa ajili ya lile daftari.

Upande wa pili wa ukuta

Kabla hajasema ndiyo ya mwisho, mwalimu alituchukua kwa jirani. Ukuta ni mmoja, na njia ya kutokea barabarani wanaitumia wote. Jirani ni mzee wa Kiislamu, tulimkuta anatengeneza baraza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mwalimu, leo umeniletea ugeni gani?"

Mwalimu akamweleza bila kupamba: mbwa, mgonjwa, wiki nane, kwenye banda la kuku. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza maswali. Waislamu wengi wa pwani hii hufuata madhehebu ya Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumfuga bila haja ni haramu, ila kumhudumia kiumbe mwenye shida ni jambo jingine, na mzee mwenyewe ndiye aliyetutajia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Baada ya hapo akataka mambo yaliyo wazi. Maji ya kuoshea banda yasitelemkie upande wake, maana pipa lake la maji ya udhu liko chini ya ukuta. Mbwa asitolewe njiani saa za watu kwenda msikitini na watoto kwenda madrasa. Na aambiwe tarehe ya kuondoka.

Yote yalitekelezeka. Mteremko wa banda kweli ulikuwa unaelekea kwake. Mjukuu na dereva wa bajaji wakachimba mfereji kuupeleka kwenye migomba. Saa za kumtoa zikapangwa zisigongane na sala. Mgeni wa mjini angeweza kuiona ziara hii kama adabu tu. Kwangu ilikuwa sehemu ya matibabu, sawa na dawa. Mbwa anayebweka usiku kwa jirani ambaye hakuombwa hamalizi mwezi. Ama mlezi anachoshwa na maneno, ama mtu anarusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Nimeona vyote viwili.

Banda

Jibu la wiki nane likawa limepatikana, chembe za damu zikapanda, na daktari mwenzangu akaweka chuma na waya siku ya tano. Mikono yake ni mizuri. Picha ya baada ya upasuaji ilikuwa imenyooka. Siku 10 za uangalizi ziliisha, Kidoti mzima, akachanjwa, akaenda Bunju kwa bajaji akiwa amelazwa kwenye beseni kubwa la kufulia.

Banda lilikuwa limeondolewa maranda yote ya zamani, likaoshwa, likapakwa chokaa, likapigwa na jua. Kimo chake cha chini, ambacho mwalimu alikiombea radhi, kilikuwa baraka, kwa sababu mbwa hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma humo. Tulilikata kwa ubao hadi likabaki sehemu ndogo. Shida ilikuwa mbili. Sakafu ya saruji laini: mbwa wa miguu mitatu anateleza, akiteleza anakanyaga kwa nguvu ule ulioumia. Tukatandika magunia ya katani, tukayapigilia pembeni yasikunjamane. Na bati. Bati lililo chini hivyo, saa saba mchana wa Dar, ni tanuri. Mwalimu akasema kuku wake walikuwa wanahema mdomo wazi hapo hapo, akaagiza makuti, yakafunikwa juu, na upande wa kusini ukabaki wavu mtupu.

Karatasi ya makubaliano ilikuwa ukurasa mmoja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa wajibu anayemtunza mnyama, hata asipokuwa wake, kwa hiyo si haki kumwachia mtu mbwa kwa maneno ya mdomo. Iliandikwa nani analipa, nani anaamua matibabu, na nani peke yao wanaruhusiwa kuja kumchukua. Chini yake dalili za kupiga simu bila kusubiri asubuhi: akiwa ameshaanza kuukanyagia mguu kisha akaacha ghafla, uvimbe wenye joto au harufu, ncha ya chuma kuonekana kwenye ngozi, kupita siku nzima bila kula.

Chakula kilikuwa ugali laini na dagaa waliooshwa chumvi, siku nyingine vichwa vya samaki vilivyochemshwa vikatolewa miba. Mwalimu alifungua ukurasa mpya daftarini. "Amekojoa. Amekula nusu. Kidole kimegusa chini." Nimesoma faili za hospitali zenye habari kidogo kuliko hizo.

Wiki ngumu

Juu ya nyonga kulitokea kinundu laini, pale mwisho wa chuma. Picha ikatumwa, nikaenda, ni maji tu ya msuguano. Hakikuguswa, kikapungua. Kila siku mjukuu alilikunja na kulinyoosha goti la Kidoti polepole, kwa sababu paja la mbwa kijana lisipochezeshwa goti hukakamaa mguu ukabaki umenyooka kama fimbo, na hapo hata mfupa ukiunga haumsaidii.

Hatari kubwa huja mbwa anapopata nafuu. Kufika wiki ya nne Kidoti alikuwa ameondoka kwenye unyonge, analia atolewe, anakwaruza mlango, na kila mgeni anasema jamani mwacheni kidogo atembee, amepona huyo. Mfupa wakati huo ni laini bado. Mwalimu alikuwa na jibu moja kwa wote: "Daktari amesema tarehe fulani, na leo sio tarehe hiyo."

Kisha ukaja msiba. Simu ya usiku kutoka Same, na mwalimu alfajiri akapanda basi. Tulikuwa tumepanga tangu mwanzo nani atashika zamu mlezi akipata dharura, na alikuwa dereva wa bajaji, ambaye alishafundishwa kumwinua mbwa kwa taulo chini ya tumbo na alijua dawa ziko wapi. Akawa anapita asubuhi kabla ya kazi na jioni, mjukuu akishika mchana. Mbwa hakuhamishwa. Naliona hili kuwa muhimu kuliko linavyoonekana: mlezi wa akiba aende kwa mbwa, kwa sababu kumhamisha mbwa mwenye mfupa unaounga ni safari, sakafu mpya, jirani mpya na hofu mpya, vyote kwa mpigo.

Wiki ya nane picha ilionyesha mfupa umeungana kwa daraja nene. Chuma kikatolewa, na kwa nusu kaputi hiyo hiyo akafungwa kizazi, jambo ambalo hupunguza gharama na kumwepusha na usingizi wa pili. Mguu wa kushoto umebaki mfupi kidogo na paja limekonda. Akikimbia huwezi kujua, akitembea taratibu unaona.

Tarehe, na ubishi uliobaki

Siku iliyoandikwa ilipofika tulikwenda kumchukua. Mwalimu hakubadili mawazo, wala hatukumbembeleza. Kumgeuza mlezi wa muda kuwa mwenyewe kwa kumchelewesha ni njia ya kupoteza nyumba ya mgonjwa anayefuata, na kule Bunju mlango bado uko wazi kwetu misimu ambayo hakuna kuku.

Kijiweni walimtaka arudi, na walikuwa na haki ya kumtaka, ndio waliomlisha. Mama lishe ndiye aliyekataa kwa niaba yao. Barabara ni ileile, alisema, na huyu sasa mguu wake si ule wa zamani. Tukarudi kwenye orodha ya "akipona nitamchukua". Wengi simu zao hazikupokelewa. Familia moja ya Kibaha, yenye uzio wa matete na bustani ya mboga, ilipokea, ikaja kumwona, ikauliza anakula nini na chanjo inayofuata ni lini. Huko ndiko aliko. Kijana wa kijiweni mkono wake umepona.

Mwenzangu aliyempasua hakubaliani na mimi mpaka leo. Anasema tulitumia wiki nane za mwalimu, mjukuu, dereva na sisi wenyewe kuokoa mguu wa mbwa ambaye kwa miguu mitatu angekuwa Kibaha ndani ya mwezi, na fedha zilizobaki zingemtibu mwingine. Ni hoja nzito, hasa ukizingatia idadi ya wanaoletwa. Ninachomjibu ni kwamba tulikuwa na nyumba ya wiki nane mkononi kabla ya kushika kisu, na nyumba ya aina hiyo haipatikani kila siku. Kwa mbwa yuleyule, laiti Goba ingekuwa ndiyo nyumba pekee, au kama mwalimu angetoa wiki tatu tu, ningekuwa upande wa mwenzangu, ningekata, na nisingemruhusu mchangiaji yeyote anishawishi vinginevyo kwa kuwa tu pesa ya chuma ilikuwepo.